Ndugu wa Tumbo Moja, Kadi Mbili

Mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya wakazi wa Fumba na wageni wao, kwa mwaliko wa Tume ya Haki na Amani



Barua ya Tume iliponifikia nilidhani imekosea njia. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Fumba. Nimesomesha hesabu na historia katika skuli kwa zaidi ya miaka thelathini, wala sijapata kupanda mimbari yoyote. Padri aliyeileta akanituliza kwamba hawatafuti mahubiri. Wanataka mtu aeleze jinsi siasa inavyoingia ndani ya nyumba, na jinsi inavyotoka, ikiwa inatoka. Nyumba yetu ikachaguliwa kwa sababu habari yake inajulikana kutoka hapa hadi Kombeni, na wapo humu wanaoweza kuisimulia vizuri kuliko mimi.

Kaka yangu yupo nasi, amekaa pale chini ya mwembe. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuja. Alinijibu, "Sema, lakini ukisema uongo nitasimama." Basi nitajitahidi nisimsimamishe, maana magoti yake hayampi raha.

Tulizaliwa watatu, baba mmoja mama mmoja. Kaka alizaliwa mwaka 1941, dada yetu mwaka 1945, nami mwaka 1950. Kati yangu na kaka ni miaka tisa. Kwa mtu alimaye mihogo miaka tisa si kitu, lakini katika historia ya visiwa hivi, kuzaliwa miaka tisa mbele au nyuma ni kama kuzaliwa katika nchi mbili. Jambo hili nimelielewa nikiwa mzee, na ndilo hasa ninalotaka kulieleza leo.

Wazee wetu wanauita muda ule wa kuanzia 1957 hadi 1964 "wakati wa siasa", kana kwamba kabla yake na baada yake hapakuwa na siasa. Kaka yangu aliingia utu uzima katika wakati ule. Baba alikuwa Afro-Shirazi. Mjomba wetu, ndugu wa mama, alikuwa Hizbu. Mimi nilikuwa mtoto, nikiyaona mambo kutoka nyuma ya mlango. Niliona mjomba akija kumsalimia mama mchana baba akiwa baharini, na kuondoka kabla dau halijarudi. Nilisikia duka fulani si letu, na kwamba msiba wa fulani hatuendi. Mambo haya hayakuwa ya nyumba yetu peke yake. Unguja nzima watu walikatana katika biashara, katika safari na katika kuzikana. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu, pande mbili zikawa sawasawa, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni. Katika fujo za Juni ile walikufa watu 68.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1963. Kaka alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na ile ilikuwa kura yake ya kwanza. Chama chake kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kiasi cha asilimia 54, lakini kwa jinsi majimbo yalivyogawanywa kikapata viti 13 kati ya 31. Serikali ikaundwa na wenzao, Hizbu na ZPPP. Mimi mwalimu wa hesabu nimewaeleza wanafunzi wangu mara nyingi jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwenye ubao linaeleweka. Lakini kijana wa miaka ishirini na miwili aliyesimama juani tangu alfajiri haulizi habari za ubao. Kaka alirudi nyumbani akasema maneno ambayo ameyarudia maisha yake yote: "Walihesabu, lakini hawakutuhesabu."

Miezi michache baadaye, Januari 1964, yakaja Mapinduzi, na kaka alikuwa upande wayo kwa moyo wake wote. Alipata eka tatu katika ule ugawaji wa ardhi. Mjomba alikwenda zake ng'ambo ya bahari, na mama hakumwona tena.

Mimi utu uzima wangu niliukuta mahali pengine. Mwaka 1971 nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasomea ualimu. Mchele, unga na sukari vilitolewa kwa kipimo, na watu walijipanga foleni tangu usiku. Kaka akija kunitembelea aliniambia habari za majimbo na wakoloni, nami nikimsikiliza huku nikiwaza zamu yangu kwenye foleni. Kwake Serikali ilikuwa ni ile iliyomhesabu. Kwangu ilikuwa ni ile iliyonipimia ratili. Tulikuwa tunatazama bendera moja, yeye akiona mwaka 1963 na mimi nikiona mwaka 1971, na kila mmoja akidhani mwenzake ana ugonjwa wa macho.

Kwa hiyo katika ujana wetu kaka alikuwa mtu wa chama na mimi nilikuwa mnung'unikaji. Angalieni sasa jinsi mambo yalivyogeuka.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Kaka, kijana wa Afro-Shirazi, mwenye eka tatu za Mapinduzi, akachukua kadi ya CUF. Mimi, mnung'unikaji wa foleni, nikawa CCM imara, tena mwenye kupewa kiti mbele. Watu wa hapa walicheka. Wakasema wazee hawa wamebadilishana kanzu.

Nilikuwa na jibu langu tayari. Nilisema kwamba mtu akikua huona mbali. Ujana ni moto, na utu uzima ni busara. Yapo maneno yanayozunguka Ulaya kwa muda mrefu, yakisingiziwa wakubwa mbalimbali, kwamba asiyekuwa mwanamapinduzi akiwa na miaka ishirini hana moyo, na anayebaki hivyo akiwa na miaka arobaini hana akili. Niliyapenda sana maneno hayo. Leo nikijihoji kwa haki, nakumbuka kwamba mwaka 1995 nilikuwa na cheo katika skuli, watoto watatu wanaosoma, na kiinua mgongo nilichokuwa nikikihesabu kila mwezi. Sikuwa nimeona mbali. Nilikuwa nimepata cha kupoteza, na yule kijana wa foleni aliye ndani yangu alikuwa anaogopa ghala tupu kama alivyoogopa mwaka 1971. Niliogopa fujo kwa sababu fujo huleta foleni. Hofu ilikuwa ile ile. Kadi tu ndiyo mpya.

Na kaka? Miaka ile ya 1990 sehemu ya rasi yetu hii ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi, naye akaanza kuuliza habari za ardhi, akatumwa ofisi moja akaambiwa arudi kesho, na kesho ikawa nyingi. Lakini si hilo lililomhamisha, ingawa wakati ule nilimtania kwamba amehama kwa ajili ya minazi yake. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulimpa Dakta Salmin Amour asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.8. Kaka alikuwa na miaka hamsini na minne. Alisikiliza matokeo yale kwenye redio, akazima redio, na akasema sentensi ile ile ya mwaka 1963. Neno kwa neno! Nilikasirika mno. Nilimwambia anawasaliti waliokufa kwa ajili ya Mapinduzi. Akaniambia, "Mimi sijahama. Mimi nipo pale pale nilipokuwa."

Ilinichukua miaka ishirini kukubali kwamba alisema kweli juu ya nafsi yake. Kama alikuwa sahihi juu ya hesabu ya kura ni jambo jingine, na juu ya hilo tunabishana mpaka leo.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mtaalamu Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba yale mtu anayokutana nayo anapoingia utu uzima ndiyo yanayompa macho ya kutazamia mambo yote yanayofuata. Huko Marekani mtaalamu Theodore Newcomb aliwachunguza wasichana wa chuo cha Bennington katika miaka ya 1930. Wengi walitoka katika nyumba za matajiri wenye kupinga mageuzi, wakabadilika wakiwa chuoni. Watafiti waliwatafuta tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tena mwaka 1984 wakiwa vikongwe, na walikuta wengi wao wakisimama pale pale walipoachwa na ujana wao. Si kwamba mtu habadiliki kabisa. Lakini mabadiliko mengi tunayoyaita ya uzee ni mtu yule yule aliyehamishiwa kiti kingine.

Tazameni wakubwa wetu wenyewe. Abdulrahman Babu alikuwa Katibu Mkuu wa Hizbu, akakiacha chama mwaka 1963 na kuunda Umma Party, akawa waziri baada ya Mapinduzi, akawekwa kizuizini kuanzia 1972 hadi 1978, na mwaka 1995 tukamwona upande wa NCCR-Mageuzi. Alifariki mwaka uliofuata. Mwenye kuhesabu kadi atasema alikuwa kigeugeu; mwenye kumsikiliza atasema alizungumza ujamaa tangu mwanzo hadi mwisho. Maalim Seif alikuwa Waziri wa Elimu, kisha Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi 1988, kisha akafukuzwa katika CCM, akafungiwa, akaasisi CUF, na mwaka 2019 akahamia ACT-Wazalendo. Wapo waliomfuata kila alipokwenda na wapo waliomlaani kila alipokwenda, na mara nyingi makundi hayo mawili yalikula katika sinia moja la nyumba moja.

Nirudi kwenye nyumba yetu, maana sehemu iliyobaki ni nzito na ningependa kuipitia nikiwa bado na sauti.

Baba alituachia dau. Mimi nilikuwa na mshahara na kaka alikuwa na bahari, kwa hiyo mimi nilinunua tanga na pamba ya kalafati, na yeye na wanawe wakavua, tukagawana. Baada ya Oktoba 1995 nilikataa kununua pamba. Nilisema siwezi kulitengeneza dau linalopeperusha bendera ile. Kaka naye akasema hataki senti ya mtu wa bendera ile nyingine. Dau likabaki pwani, juu ya mchanga. Mnajua nyote jua linavyofanya mbao za chombo kisichoingia majini. Halikupakwa deheni, halikutiwa kalafati, na kabla ya kaskazi ya pili mbao zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha kidole. Watoto wakawa wanachezea humo. Chombo kilichowalisha watu kumi na mmoja kiliuawa na ukaidi wa watu wawili, na hakuna chama kilichotoa amri hiyo.

Aprili 1996 dada yetu akafariki, kule Bweleo kwa mumewe. Shemeji alikuwa upande wa kaka. Habari iliponifikia, nilisimama uani kwangu kwa muda mrefu. Kisha nikajitafutia hoja, nami ni mwalimu, hoja hazinipi taabu. Nilijiambia kwamba mazishi ni faradhi ya kifaya: wakizika baadhi, waliobaki wamesamehewa. Nikajiambia kwamba nikienda nitatukanwa, patakuwa na fujo mbele ya maiti, na bora kuepusha fujo. Nikafunga fedha katika kitambaa, nikampa mtoto apeleke kwa ajili ya sanda na khitma.

Mke wangu hakuniuliza kitu. Alivaa buibui lake akaenda.

Fedha zilirudi jioni katika kitambaa kile kile, hazikufunguliwa fundo. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mtu mzima mwenye busara niliyokuwa nikijisifu kwayo, na sikumzika dada yangu. Ndugu zetu Wakristo wa Tume waliniuliza kama ningependa sehemu hii isichapishwe. Nimesema ichapishwe. Kila Ijumaa kwa miaka mingi sasa nimekwenda kaburini Bweleo, lakini kuzuru kaburi si kuzika.

Miaka mitano na zaidi mimi na kaka hatukusemezana. Tulipishana njiani, kila mmoja akitazama minazi. Kisha yakaja maandamano ya Januari 2001. Tume iliyoundwa na Serikali ilihesabu watu 31 waliokufa. Human Rights Watch lilisema si chini ya 35. Na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtoto wa kaka alikuwa mjini siku ile na hakurudi. Usiku wa pili mlango wangu uligongwa. Nilijua ni nani kabla sijafungua, kwa jinsi alivyogonga, kama alivyokuwa akigonga tulipokuwa watoto wa kuamshana kwenda kupandua dema.

Hakuniamkia. Alisema, "Baskeli yako ina taa?" Nikamwambia inayo. Tukaondoka, yeye amekaa nyuma. Alinijia kwa kuwa alijua mwenye kadi kama yangu angeweza kuuliza mahali ambapo yeye asingeweza. Nami niliuliza kila mahali, mpaka tulipompata kijana kwa rafiki zake Ng'ambo, mzima, amejificha chini ya kitanda, njaa imemshika. Njiani hatukuzungumza siasa hata kidogo. Kaka alilalamika tu kwamba sijui kukwepa mashimo.

Baada ya hapo tulianza kusalimiana, kisha kula pamoja Idi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu wakapatana, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi tukaulizwa kama tunataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Mimi na kaka tulikuwa miongoni mwao, na tulikwenda kituoni kwa gari moja. Wengine walitutazama wakasema, wazee hawa sasa wamelainika, umri umewapatanisha. Hawakujua. Kaka alipiga kura ya ndiyo kwa sababu aliona hatimaye nusu yake itahesabiwa. Mimi nilipiga kura ya ndiyo kwa sababu nilimwona dada. Hakuna aliyemsogelea mwenzake hata hatua moja katika rai.

Na mtihani ulirudi. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa tarehe 28 ya mwezi ule, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. CUF walisusia. Mimi nilikwenda kupiga kura; kaka alibaki nyumbani, na aliniambia mapema kwamba anaona aibu kwa ajili yangu. Katika baadhi ya vijiji, hasa Pemba, watu walirudia kukataana dukani na msibani. Jioni ile nilipita kwake na samaki wawili. Nilikuwa na hofu, nakiri. Alivitazama vidole vyangu vyenye wino, akamwita mkwewe, akamwambia, "Mpokee mwalimu samaki, na umwambie anawe mikono vizuri." Tukala.

Ikiwa mnataka kujua umri umetubadilisha nini, ni hicho tu. Rai zetu zipo kama zilivyokuwa, labda na ugumu zaidi. Ila ile bei tuliyokuwa tayari kuilipa kwa ajili yazo imeshuka. Mwaka 1995 nilikuwa tayari kulipa dau na dada. Leo silipi hata samaki.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi wenzangu kuhusu hawa vijana. Wajukuu zetu wanaona majumba ya ghorofa yakipanda Nyamanzi na bei ya ardhi ikipanda pamoja nayo. Hizbu na Afro kwao ni habari za vitabuni, na ugomvi wao ni wa kazi na viwanja. Tunawaambia watulie, watakua, wataacha. Sina hakika. Aliyekuwa na miaka ishirini uchaguzi ulipofutwa atakuwa na jambo lile moyoni akiwa na miaka sitini, kama kaka alivyo na 1963 yake na mimi na foleni yangu. Tusimwombe alisahau. Tumuulize aliona nini, tena tumuulize sasa, kabla hajapata chake cha kupoteza na hoja nzuri za kukitetea.

Ubao mmoja wa lile dau bado upo. Kaka aliuokoa akaufanya benchi, nje ya nyumba yake, na ndipo tunapokaa baada ya Alasiri. Ni mwembamba na miguu yake haiko sawa, kwa hiyo mmoja akitaka kuinuka ni lazima amwambie mwenzake kwanza.

 Naona kaka ameshika mkongojo wake. Mpisheni njia, anakuja kunisahihisha.